Kwa nini Mzee Taratibu alikuwa anasimamisha machela chini ya mfenesi?

#1 SistaWaUsiku
Wakuu, habari za leo. Wengi mmeshapata taarifa. Mzee Taratibu, msukuma machela wa hospitali yetu, alitutoka Jumatatu alfajiri na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya adhuhuri. Sisi tuliokuwa zamu tulifika udongo umeshafukiwa. Mimi nilikwenda na gwanda langu la kazi, nikasimama pembeni ya kaburi kama mtu aliyeachwa na basi.

Sikuja kuandika tanzia. Nina swali moja. Waliofanya kazi pale wanaijua njia: unatoka wodi ya upasuaji, unapanda kale kamlima chini ya paa la mabati, unafika kwenye mfenesi, unakunja kushoto, hiyo hapo thieta. Kwenye mfenesi Mzee alikuwa anasimama. Kila mgonjwa. Anavua kofia, anaiweka juu ya miguu ya mgonjwa, anakaa kimya. Ukihesabu polepole unafika ishirini, siku nyingine thelathini. Halafu anavaa kofia, anasema "haya, twende." Daktari wa upasuaji apige kelele mlangoni, mvua ipige mabati, yeye anasimama.

Nimemwona miaka 14 na sikumwuliza hata siku moja. Kila mara nilisema nitamwuliza tukipata nafasi, na hospitali gani ina nafasi?

Nani anajua sababu?

#2 DerevaMstaafu
Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Poleni wote.
Sista, usikose usingizi kwa hili. Alikuwa anapumua. Kilima kile hukijui kwa sababu hukukisukuma. Mgonjwa kilo 80, machela ya chuma ya enzi za Obote, magurudumu matatu yanataka kwenda Kampala na la nne linataka Kasese. Ukifika kwenye mfenesi mapafu yanaomba ruhusa.

#3 Kanula22
Pole sana Sista. #2, hapana. Alisimama hata akiwa na mtoto wa miaka mitatu. Na watoto wadogo wala hakuwasukuma, aliwabeba begani na machela akaiacha wodini. Bado alisimama pale pale. Kofia alimvika mtoto.

#4 DerevaMstaafu
Mazoea hayo. Punda wa maji anasimama kwenye kituo chake hata siku ukimvua mitungi.

#5 SistaWaUsiku
Matanga hayajaanuliwa na wewe umeshamlinganisha marehemu na punda.

#6 DerevaMstaafu
Yeye mwenyewe alijiita punda wa serikali. Aliyefanya naye kazi akatae.

#7 UmmuSwafia
Alikuwa anasoma dua. Nimempa mkono kusukuma mara nyingi nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nilikuwa karibu, niliona midomo inacheza. Hakuwa mtu wa kutangaza dini yake. Mgonjwa akiwa Mkristo alisema "Mungu wako yupo", akiwa Mwislamu alisema "tawakali." Lakini midomo ilicheza kwa wote.

#8 MwanaWaKigezi
Pole kwa familia. Mimi nadhani mnaangalia karibu mno. Kwetu Kigezi, kabla ya boda boda kupanda vilima, mgonjwa alibebwa kwa engozi. Kwa wasioijua: ni machela ya kusukwa, kama kapu refu lenye miti miwili, wanaume wanne wanaiweka mabegani. Kila kijiji kilikuwa na chama cha engozi. Mtu akiugua usiku inapigwa mbiu, wanachama wanatoka, asiyetoka anatozwa faini. Babu yangu alitozwa pombe debe moja kwa sababu alijifanya hakusikia.

Sasa, njiani kuna mahali pa kupokezana. Wanne wanashusha, wanne wengine wanapokea. Na pale mnaposhusha hamsemi neno, mnamwacha mgonjwa alale bila kutikiswa, mnasikiliza anapumuaje. Nilipomwona Mzee Taratibu mara ya kwanza, nilisema moyoni huyu amebeba engozi. Alikuwa anasubiri wenzake wampokee, basi tu hakukuwa na wenzake.

Vyama hivyo havikufa, kwa taarifa yenu. Hospitali ya Kisiizi ilivitumia mwaka 1996 kuanzisha bima ya afya ya jamii: familia zinalipa kupitia chama chao kile kile cha kubebana.

#9 Mpakani
#8 umeandika vizuri lakini Mzee hakuwa wa Kigezi. Alikuwa Mkonzo wa upande wa Kongo. Alinisalimia Kikonzo siku ya kwanza na hakukosea hata neno.

#10 ObongiBoy
Haiwezekani. Mzee alikuwa mtu wa West Nile. Mama yangu alilazwa pale wiki tatu, walikuwa wanaongea Kilugbara kuanzia chai hadi uji wa jioni.

#11 MnubiWaBombo
Hahaha. Ndugu zangu, Mzee alikuwa Mnubi. Mnataka nilete mashahidi?

#12 SistaWaUsiku
Banange. Mimi Mtoro, yaani mtu wa Toro, na miaka yote 14 nilijua ni Mtoro aliyelelewa mbali.

#13 Mpakani
Basi kazikwa wapi? Kaburi litatuambia kwao ni wapi.

#14 UmmuSwafia
Kazikwa makaburi ya Waislamu ya hapa hapa mjini. Familia ilisema ndivyo alivyoagiza: "nizikeni nisikie filimbi ya zamu." Kaburi halitakwambia kitu.

#15 BintiWaMasaka
Nimesoma bila kuchangia tangu #1, sasa niseme la kwangu, samahani litakuwa refu.

Mama yangu ni Muganda wa Masaka. Kwa watu wa rika lake Kiswahili hakikuwa lugha ya kuongea, kilikuwa lugha ya kuelekezewa bunduki. Alikijua maneno machache tu na yote aliyajifunza barabarani kwenye vizuizi: "kaa chini", "lala", "kitambulisho", "toa pesa." Na lile baya kuliko yote, "panda gari." Wenye umri wanajua, ukipandishwa gari la jeshi nyumbani walianza kulia kabla hujafika mbali. Kaka yake alipandishwa. Hakurudi. Mama alipokuwa akisikia redio ya Kiswahili, hata taarabu, alizima.

Mwaka 1998 alikuwa na biashara ya samaki wakavu huko kwenu magharibi. Akaanguka kutoka juu ya lori, paja likavunjika. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa naye. Akaja mzee na machela. Wagonjwa wote aliwasemesha Kiswahili mpaka ajue lugha yao, na mama kwa maumivu hakusema chochote. Kwa hiyo akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, tutakupandisha sasa." Mama alisikia hilo neno moja tu. Alipiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani. Aling'ang'ania kitanda mpaka kucha zikang'oka rangi.

Mzee alirudi nyuma hatua tatu. Akakaa chini sakafuni. Alikaa pale hadi mama akanyamaza. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha shule kwamba mama anaogopa. Hakuuliza anaogopa nini, nadhani alijua. Akasema, "Taratibu. Taratibu, mama. Hakuna gari hapa." Akaniambia nimshike mama mkono na niwe naye njia nzima, ingawa watoto hawakuruhusiwa. Tulipofika kwenye mfenesi akasimama, akavua kofia, akamwonyesha mama juu: majani, mafenesi, ndege. Akamwambia kwa Luganda, laba, tazama. Yaani uone hujafichwa, uko nje, mwanao huyu hapa.

Kwa hiyo mimi nina jibu langu. Alisimama ili mtu aone mbingu na ajue hachukuliwi.

Mama alipona, anatembea kwa kuchechemea. Hivi sasa salamu yake kwa wajukuu ni "taratibu." Ni neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza bila bunduki. Nilipompa habari ya msiba jana alikaa kimya, halafu akaniambia nimwekee redio.

#16 Kanula22
Sina la kuongeza kwa sasa.

#17 MwalimuMstaafu
Asante binti. Msalimie sana mama.

Niongeze kidogo kwa vijana wasioelewa. Amin aliitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa raia wengi ilibaki lugha ya kambini. "Panda gari" hasa ni jina lililozagaa miaka ya mwanzo ya 80, kwenye zile operesheni za kuzingira mitaa na kusomba watu. Katiba ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kikalala kwenye makaratasi. 2022 baraza la mawaziri likakiamka tena. Kumbe kuna mzee mmoja na machela alikuwa anakisafisha Kiswahili mgonjwa mmoja mmoja bila bajeti.

#18 ObongiBoy
Mwalimu, "likakiamsha", si "likakiamka."

#19 MwalimuMstaafu
Simu hii inaniabisha. Nimekubali.

#20 MkungaMkongwe
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Niliingia hospitali ile 1988 nikatoka 2009. #15, mwanangu, umeniliza, lakini kwa ajili ya ukweli niseme: Mzee alisimama pale kabla ya 1998. Nilimkuta akisimama, yeye alinitangulia mwaka mmoja.

Na sababu ilikuwapo. Zamani thieta ilikuwa moja, na mlango wake ulikuwa wa kusukuma, haufungi vizuri. Mgonjwa akifika mapema anasubiri kwenye veranda, na akiwa kwenye veranda anasikia kila kitu cha ndani. Vyuma. Msumeno, kama ni mguu. Sista wa thieta wa wakati ule, mama mkali, akaweka utaratibu: hakuna machela kupita mfenesi mpaka yeye aning'inize kitambaa cheupe dirishani. Kitambaa kikitoka, njoo. Mzee alisimama akisubiri kitambaa. Basi.

#21 Kanula22
Mkunga, shikamoo. Lakini thieta mpya ilifunguliwa na dirisha lile likazibwa kwa matofali kabla mimi sijafika. Na yeye aliendelea.

#22 MkungaMkongwe
Marahaba. Hilo sijui, mimi nilishastaafu. Nilichokiona ni kitambaa.

#23 DerevaMstaafu
Narudi kwenye #4. Mitungi imevuliwa, punda bado anasimama. Sisemi tena.

#24 SistaWaUsiku
Umesema tena.

#25 Kanula22
Sasa niseme langu, nilikuwa nalisubirisha. Nilikuja pale nikiwa daktari wa mafunzo, mwaka wa kwanza, kichwa kimejaa vitabu. Siku ya pili Mzee alinisimamishia machela chini ya mfenesi na mgonjwa juu yake, akamwuliza mgonjwa mbele yangu: "Jina lako? Baba yako nani? Wamekwambia watapasua wapi?" Mgonjwa akasema ngiri, upande wa kulia. Mzee akanitazama tu. Faili mkononi mwangu liliandikwa kushoto, mwandiko wangu mwenyewe. Nilirudi wodini mbio.

Tunafundishwa ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, vipengele 19, na cha kwanza kabisa ni hicho: mgonjwa athibitishe jina, mahali pa kupasuliwa, upasuaji gani. Mzee alikuwa anaifanya kwa kofia. Mimi ndivyo ninavyoamini, pale palikuwa mahali pa kuhakiki, pa mwisho kabla hujachelewa.

#26 UmmuSwafia
Daktari, #1 anasema alikaa kimya. Wewe unasema aliuliza maswali. Lipi?

#27 Kanula22
Kwangu aliuliza. Labda kwa sababu alishalisoma faili.

#28 MpitaNjia_Soroti
Mzee alijua kusoma?

#29 SistaWaUsiku
Swali zuri, na hatujui. Fomu zote alisaini kwa kidole gumba. Lakini gazeti alilishika kila asubuhi, na hakulishika juu chini.

#30 Gulu2000
Poleni. Nimesikia kwa mtu aliyewahi kufanya naye kazi kwamba alianza desturi hiyo baada ya Ebola ya Gulu. Alikwenda kusaidia kule hospitali ya Lacor, wakafa wauguzi 400, na Dkt Matthew Lukwiya akafa 2001. Aliporudi ndipo akaanza kuvua kofia.

#31 AcholiMtoroni
#30, taratibu, kama angesema marehemu. Mimi nimezaliwa Gulu na Lacor ndiko nilikochanjwa. Tusaidiane kwenye hesabu. 425 ni wagonjwa wote wa mlipuko ule, waliofariki ni 224, na wengi walikuwa raia wa kawaida, waliokuwa wanauguza ndugu zao au kuosha maiti. Wafanyakazi wa Lacor waliokufa walikuwa zaidi ya kumi, inatosha kuumiza bila kuongeza. Dkt Matthew alifariki 5 Desemba 2000, si 2001. Mwaka 2001 ndipo mlipuko ulipotangazwa umekwisha, Februari.

Naye alikuwa Kampala wakati ule, anasoma shahada ya afya ya jamii Makerere. Alipigiwa simu Oktoba kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa namna isiyoeleweka, akaacha masomo akarudi. Yeye ndiye aliyesoma usiku kucha akasema hii ni homa ya kutoka damu, kabla majibu ya maabara hayajaja. Inaaminika aliambukizwa usiku mmoja alipokimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa anakufa. Alivaa kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alizikwa siku ile ile, ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya Dkt Lucille Teasdale, yule mama wa Kanada aliyepasua watu Lacor tangu 1961 mpaka UKIMWI alioupata mezani kwenye upasuaji ukamchukua 1996.

Kwetu watu wakisema "daktari" bila jina, wazee wanajua ni nani.

#32 Gulu2000
Asante kwa masahihisho. Hesabu nilikosea. Lakini kuhusu Mzee kwenda Gulu, ndivyo nilivyosikia.

#33 MkungaMkongwe
Hakwenda. Oktoba ile 2000 alikuwa wodini kwangu kila siku, mke wake alikuwa ananyonyesha. Na nimeshasema, alisimama tangu kabla ya 1988.

#34 MsogaWaBuluba
Kwa kuwa tumeanza kuwataja waliotumikia hadi mwisho, nasi Busoga tuna wetu. Dkt Wanda Błeńska, Mpolandi, alikuja Buluba 1951 kwa wagonjwa wa ukoma akakaa zaidi ya miaka 40. Alikuwa anawapima kwa mikono mitupu, bila glovu, wakati hata ndugu zao waliwarushia chakula kwa mbali. Alifariki 2014 akiwa na miaka 103. Bibi yangu alisema jambo moja tu juu yake: "alinishika." Hakusema alinitibu.

#35 Mpakani
Uzi huu ulikuwa wa mfenesi.

#36 MsogaWaBuluba
Samahani mkuu, nimeteleza.

#37 BodaNambaSaba
Jamani mnazunguka mbuyu. Chini ya mfenesi kulikuwa na nani? Mama Chapati! Mzee alikuwa anasimama kumwangalia Mama Chapati. Sisi wa stendi ya boda tulikuwa tunaona kila kitu kutoka getini. Kofia anavua, mama anatabasamu. Dua gani hiyo.

#38 UmmuSwafia
Astaghfirullah.

#39 DerevaMstaafu
Hahahaha. Namba Saba, hili hata mimi nililiogopa kusema.

#40 ChapatiMoto
Habari zenu. Mimi ni binti wa huyo Mama Chapati, nimeonyeshwa uzi huu na mteja. Namba Saba, una deni la rolex tatu (chapati za mayai) kwa mama, usisahau unapoongea.

Nimemsomea mama yote. Amecheka hadi kikohozi. Anasema hivi: Mzee akipanda na mgonjwa hakumtazama yeye wala chapati, alikuwa kama hayupo. Akishuka na machela tupu ndipo alisimama, anaweka oda ya chapati mbili, moja anakula, nyingine anaiweka mfukoni, kila siku. Mama hajui ya mfukoni ilikuwa ya nani.

Anasema pia: mfenesi ule ulikuwa mdogo alipoanza biashara. Mzee ndiye aliyekuwa anaumwagilia kwa maji yaliyobaki ya kuoshea machela. Labda alikuwa anautazama mti wake tu.

#41 SistaWaUsiku
Ya mfukoni ilikuwa ya mgonjwa yeyote aliyelazwa bila ndugu. Hilo najua. Asubuhi unakuta mtu amelala peke yake kitanda cha kona, na pembeni ya mto kuna chapati imefungwa gazeti.

#42 MtuWaRejista
Na si chapati tu. Mimi nilikuwa dirisha la malipo. Kabla ya Machi 2001, ada zilipokuwa bado hazijafutwa kwenye hospitali za serikali, mtu akipona na hana hela alikuwa anabaki pale, anazunguka uani na gauni la wodi. Mzee alikuwa anakuja dirishani mwisho wa mwezi na mshahara wake ambao haukuzidi wa mlinzi, anauliza "yule wa kitanda cha tisa anadaiwa ngapi?" Analipa nusu, ananiambia nusu niongee na wakubwa. Na mimi nilikuwa naongea. Sikuwahi kumwambia mtu hadi leo kwamba nusu nyingine mara nyingi haikuombwa kwa mkubwa yeyote, rejista ilisahau.

Ada zilipofutwa alikuja dirishani akanipa mkono. Bila neno.

#43 Kanula22
Mtu wa namna hiyo amestaafu na nini?

#44 MtuWaRejista
Usiulize. Faili lake la kiinua mgongo limekuwa safarini kati ya ofisi mbili tangu avuke 60. Ndiyo maana mlimwona bado anasukuma kama kibarua.

#45 MwanaWaKigezi
Kuna jambo hatujaliuliza. Akipeleka maiti mochwari alisimama? Njia ni ile ile hadi mfenesi, halafu unakunja kulia.

#46 DerevaMstaafu
Hakusimama. Alipita moja kwa moja, na haraka.

#47 MkungaMkongwe
Alisimama. Muda mrefu zaidi.

#48 SistaWaUsiku
Mimi nilikuwa zamu za usiku na vifo vingi ni usiku. Naona giza tu. Siwezi kuapa.

#49 UmmuSwafia
Kama hakusimama na maiti, basi #15 na #25 wana hoja: ilikuwa ni kwa ajili ya aliye hai. Kama alisimama, basi ni dua.

#50 DerevaMstaafu
Au alikuwa amechoka zaidi.

#51 MwalimuMstaafu
Familia inasemaje? Mke wake yupo.

#52 SistaWaUsiku
Nilikwenda jana jioni kutoa mabugo (rambirambi) tuliyokusanya zamu yetu. Nikamwuliza Bibi. Alishangaa. Alisema, "Alikuwa anasimama? Nyumbani huyu mtu hakuwahi kusimama. Hata chakula alikula anatembea."

#53 ObongiBoy
Hahaha, basi tumekwisha.

#54 SistaWaUsiku
Kuhusu arobaini: itasomwa nyumbani kwake. Watakaotoka Kampala, DerevaMstaafu amepata gari la watu 14 na anasema ataendesha mwenyewe. Mwandikieni faragha, hapa msiweke namba za simu. Mama Chapati amekwisha kusema unga ni juu yake.

#55 DerevaMstaafu
Nitaendesha taratibu.

#56 BodaNambaSaba
Rolex tatu nitalipa siku hiyo hiyo.

#57 KitandaChaTisa
Salaam. Nimejiandikisha leo ili niandike hapa tu. Mimi nilipelekwa thieta na Mzee mara mbili, 2011 kwa utumbo, 2016 kwa henia. Mara ya kwanza alisimama kama mnavyosema, kofia miguuni, kimya, hakuuliza jina. Mara ya pili tulifika kwenye mfenesi akapita.

Nilikuwa nasubiri asimame. Nilishajiandaa. Nikamwuliza, "Mzee, leo hatusimami?" Akasema, "Wewe leo huhitaji."

#58 SistaWaUsiku
Huhitaji nini?

#59 KitandaChaTisa
Sikuuliza, tulikuwa tumeshafika mlangoni.